Mkono Uliokinga Taa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilijua sekunde kumi na tano zina urefu gani. Wenzangu wa darasa la tatu walijua kwamba dakika moja ina sekunde sitini, wakaishia hapo. Mimi zile kumi na tano nilizijua kwa mwili, kama mtu anavyoujua gizani mlango wa chumba chake, kwa sababu huo ndio muda mrefu zaidi ambao jicho la kamera ya baba liliweza kukaa wazi bila kupepesa.

Baba alikuwa dereva wa watalii. Mgeni mmoja mzee, siku ya kuagana, alimwachia kamera ndogo iliyopasuka kioo cha nyuma, akamwonyesha na namna ya kuizungusha mpaka kwenye alama ya nyota, pale ambapo kamera hufumbua jicho na kunywa mwanga polepole. Miguu ya kuisimamisha hatukuwa nayo. Tulikuwa na mto wa maharage. Ni mfuko mdogo wa turubai uliojazwa maharage makavu. Madereva wa Karatu huuweka juu ya paa la gari ili mgeni alaze kamera yake isitikisike anapompiga simba picha. Maharage yalikuwa ya shamba letu wenyewe, na miezi ya njaa bibi yangu aliutazama mto ule kwa jicho la kupika.

Tulikaa pembezoni mwa mji, kwenye barabara ya vumbi iendayo mashamba ya kahawa. Nyumba ya mbele tulikaa sisi: baba, mama, mimi na Ama, ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita bibi. Uani kulikuwa na chumba kimoja cha kupangisha, na humo alikaa Mama Shani na binti yake mdogo. Alikuwa ametoka Singida kufuata kazi ya kuchuma kahawa. Mrefu, mwembamba, mdomo haukai. Alikuwa akimtania Ama mpaka Ama anasahau kununa.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito, miezi ya mwisho. Baada yangu alikuwa amekaa miaka tisa bila kushika mimba nyingine, na nyumba nzima ilikuwa ikinyata kulizunguka tumbo lile.

Nyota ilikuja kuelekea Krismasi. Mama Shani ndiye aliyeiona kwanza kwa sababu ndiye aliyekuwa akiamka kwanza: lori la shamba lilipita saa kumi na moja alfajiri, na asiyekuwepo barabarani hakusubiriwa.

“Paska,” aliniambia jioni tukiwa bombani, “hivi hamwamki nyie? Huko juu ya Manyara kuna nyota imeota mkia.”

Nilikimbia na habari hiyo mpaka jikoni. Ama aliacha kusonga ugali, mwiko umesimama ndani ya sufuria.

“Umeielekeza kidole?”

“Sijaiona hata kuiona, Ama.”

“Ukiiona usiielekeze. Ile si nyota, ule ni ufagio. Ikielekezwa kidole inajua mlango ulipo. Inakuja kufagia.”

Baba alicheka. “Mama, kile ni kibonge cha barafu na vumbi. Kinapita tu na safari zake. Wageni wanakipenda.”

“Wageni wako wakipenda chui, utamlaza kitandani?” Ama alimjibu, akaendelea kusonga.

Mama naye alicheka, lakini niliona mkono wake ukishuka tumboni.

Alfajiri iliyofuata baba aliniamsha. Yeye alikuwa akiamka mapema kuosha gari, maana kampuni ilitaka gari ling'ae kabla ya kufika kwa wageni. Aliuweka mto wa maharage juu ya ukuta mfupi wa uani, akailaza kamera, akanionyesha vitufe, akarudi kwenye ndoo yake. Nikainua macho.

Nimesoma mashairi mengi tangu siku ile na nimeandika machache, na bado sina mstari wa kuieleza. Kichwa chake kilikuwa kimezama karibu na ukingo wa milima, hakionekani vizuri. Mkia ndio uliosimama, mweupe, mrefu, wima, umejikunja kidogo juu kama moshi wa nyumba ambayo upepo umeihurumia. Nilirudisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo, nikavishika vidole vyangu ili visije vikanyooka vyenyewe.

Picha ya kwanza nyota ilitoka kama mnyoo, kwa kuwa kubonyeza kwangu kuliitikisa kamera. Baba akanionyesha namna ya kuiamuru ingoje kidogo kabla ya kujifumbua, nami nikajitenga nayo nisiiguse. Kazi ikabaki kujua inafumba lini. Kioo kimepasuka, sauti haina. Ukiinyanyua mapema, umeharibu kila kitu. Hapo ndipo Mama Shani, aliyekuwa akifunga khanga kiunoni tayari kwenda barabarani, aliponipa mstari wake.

“Sisi shambani tunaenda hivi,” alisema, na akaimba kwa sauti ya chini, silabi moja moja, kama anayedondosha buni ndani ya kikapu: “Moja kwangu, moja kwako, moja ya bwana shambani.”

Niliuimba naye polepole. Ulipoisha, na jicho la kamera lilifumba. Tukajaribu tena. Tena ikawa hivyo. Mstari mmoja, picha moja.

“Umeona?” alisema. “Na wewe ni mchumaji. Unachuma nyota.”

Shida iliyobaki ilikuwa taa. Loji ya jirani ilikuwa imefunga taa kubwa ukutani, upande uleule wa nyota, chini yake kidogo, na kila picha ilitoka imemwagiwa mwanga, mkia umefifia kama chaki iliyofutwa kwa mkono. Siku tatu nilihangaika. Siku ya nne nilimwomba Mama Shani asimame pale mbele, ainue mkono, akinge ile taa.

“Ama atasema nimeielekeza.”

“Huielekezi. Unakinga.”

“Haya, mpiga picha wa serikali.” Aliinua mkono wa kulia, akavibana vidole pamoja. “Hapa? Juu zaidi? Fanya haraka, mkono ukikauka hivi nitachumia nini?”

Nikabonyeza, nikaruka nyuma. Tukaimba wote wawili, yeye amesimama kama mti, mimi nimebana pumzi katikati ya silabi. Lori lilipiga honi barabarani. Hakutikisika mpaka mstari ulipoisha, ndipo akakimbia, akicheka, kikapu kikimpiga mgongoni.

“Uje unionyeshe!” alipaza sauti.

Baba alipeleka kadi ya kamera studio, pamoja na picha zetu za kanisani, zitoke kabla ya sikukuu.

Siku mbili baadaye, kabla hakujapambazuka, niliamshwa na sauti ya mama. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea huku amekishika kitu kizito. Nilisimama mlangoni. Baba alikuwa ukumbini na fulana, taa ya kandili mkononi.

“Baba Paska, washa gari.”

“Gari si letu.”

“Washa gari, naomba.”

“Kilomita zinasomwa,” baba alisema. “Kila asubuhi zinasomwa. Mwezi uliopita wamemfukuza mtu. Ngoja nikimbie barabara kuu, nitapata gari la mtu sasa hivi.”

Akatoka mbio kwa miguu. Alipita kando ya lile gari lililoogeshwa, linang'aa gizani, tangi limejaa tayari kwa safari ya kreta, bonde la wanyama.

Ama alikuwa amepiga magoti, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia na mikono inatetemeka. Ni Mama Shani aliyeitwa. Lori lilipiga honi, likangoja kidogo, likaenda zake bila yeye. Alikaa nyuma ya mama, akamwegemeza kifuani, akamsemesha kwa Kinyaturu, lugha ambayo mama hakuijua hata neno, na mama alikuwa akiitikia. Mtoto alifika kabla ya baba kurudi. Alikuwa wa kiume. Mama Shani alimpokea kwa mikono yake miwili, akamgeuza, akamsugua mgongo, akampulizia mdomoni. Mtoto hakulia.

Baba alirudi na pikapu ya mtu wa vitunguu. Wakampakia mama na Ama kwenda hospitali. Baba hakupanda. Saa kumi na mbili kamili nilisikia gari la watalii likiwaka kwa mara ya kwanza asubuhi ile, likatoka uani taratibu, likaenda kuwachukua wageni.

Kwa Wairaqw wa zamani, nyumba iliyopatwa na kifo cha namna hiyo huingia metimani. Hujitenga. Haichangamani na watu, haiazimi moto wala chombo, ng'ombe wake hawanywi maji pamoja na wa wengine, mpaka itakaswe. Baba alikuwa mzee wa kanisa na siku zote alisema mambo hayo yamepitwa na wakati. Lakini majirani walianza kupita upande wa pili wa barabara, na Ama akaweka mti mkavu kukatiza njia ya kuingilia kwetu, na baba hakuuondoa. Mama alilala amegeukia ukuta. Ama alikaa karibu na moto akiuliza swali moja asubuhi, mchana na jioni:

“Nani aliielekeza kidole?”

Niliona shingo ya baba ikizidi kuinama kila alipouliza. Leo najua alikuwa akilisikia swali jingine.

Siku ya tatu kijana wa studio aliitupa bahasha juu ya ule mti mkavu bila kuingia. Baba aliifungua uani. Akapitisha picha za kanisani, moja, mbili, tatu, kisha akafika kwenye ile. Ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe. Mkia umesimama wazi kabisa, na chini yake, mweusi mbele ya mwanga wa taa, mwanamke mrefu ameinua mkono. Vidole vinne vilivyobanana vilikuwa vimeshikana katika picha vikawa kidole kimoja kirefu, na ncha yake imeigusa nyota.

Baba aliitazama kwa muda mrefu kuliko sekunde kumi na tano. Halafu akampa Ama.

Ama aliisogeza karibu na macho mpaka pua ikaigusa. “Huyu si Mama Shani?”

“Ni yeye,” baba alisema.

Akaitwa. Alikuja anajifuta mikono, akifikiri anaitwa kwa mama. Alipoonyeshwa picha, uso wake ulichangamka kwanza. Hilo silisahau: uliangaza. “Kumbe ilitoka!” alisema. Kisha akaona nyuso zetu.

“Uliielekeza,” Ama alisema. “Halafu kwa mkono huohuo ukampokea mjukuu wangu.”

“Bibi, mimi nilikuwa nakinga taa. Taa ya loji. Muulize Paska, yeye ndiye alinisimamisha pale.”

Wote wakanigeukia. Moto ulikuwa ukitoa moshi. Nilimwogopa Ama, niliogopa kwamba ni kweli, kwamba ufagio ulikuja kwa sababu yangu na nilikuwa nimemfagia mdogo wangu ambaye mama alimngoja miaka tisa. Neno lilitoka kabla sijaliita.

“Nilikuwa nimelala.”

Mama Shani alinitazama. “Paska,” alisema, taratibu, kama anayeniamsha.

“Nilikuwa nimelala, Ama.”

“Sasa nani alipiga hii picha?” Mama Shani alimgeukia baba. “Baba Paska, wewe unazijua kamera. Imejipiga?”

Baba alijua. Ni yeye aliyekuwa akiniamsha kila alfajiri, ni yeye aliyeuweka mto wa maharage ukutani. Aliniangalia, nami nikamwangalia. Alikuwa anaujua uongo wangu, nami nilikuwa mlangoni usiku ule, nilijua gari halikuwashwa.

“Kamera hii ina saa ndani,” baba alimwambia Ama. “Inaweza kujipiga yenyewe.”

Mama Shani, mtu aliyekuwa haishiwi maneno, aliishiwa pale, mbele ya jiko letu, na mtoto wa miaka tisa ndiye aliyemwibia.

Aliondoka kesho yake asubuhi. Godoro, sufuria mbili, kikapu, na Shani mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. Mti mkavu ulikuwa bado umelala njiani, akauruka. Habari zilikuwa zimemtangulia shambani: wachumaji wenzake hawakutaka tena kuchuma naye mstari mmoja, na msimamizi, ambaye hakuamini nyota wala ufagio, aliamini kwamba kazi isisimame, akamwondoa. Watu walisema amekwenda Mang'ola kwenye vitunguu. Wengine walisema amerudi kwao.

Mama Shani hakunitukana. Alipopita mbele yangu alisimama kidogo, akaniambia, “Umeitunza vizuri ile picha? Usiwape waichome. Ulihesabu vizuri.” Afadhali angenipiga.

Ama aliichoma jioni ileile.

Nilipokuwa mkubwa, mama aliniambia kile alichoambiwa hospitali: kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni, na nesi alisema, kama mtu aliyechoka kulisema neno hilo, mngewahi tungemtoa. Kutoka kwetu hospitalini, kwa gari, haifiki robo saa. Nilimkabili baba mara moja tu, likizo ya chuo. Alikuwa ameacha kazi ya udereva, ameketi anachambua mbaazi. Nilimwuliza kwa nini alimpa Ama ile picha. Nilitaka aseme samahani, au hata aniulize na mimi kwa nini nilisema nilikuwa nimelala.

“Kilomita zilikuwa zinasomwa,” alisema, na akaendelea kuchambua.

Ama alikufa akiamini ufagio. Simlaumu sana. Yeye peke yake katika nyumba ile aliamini alichokisema. Sisi tuliosoma, baba na mimi, tuliitumia nyota kama watu wanavyotumia shimo la taka: kilichonuka tulikitupia humo, tukafunika. Na onyo lake lilitimia, kwa namna yake. Kuna nyumba ilifagiwa kweli. Kilikuwa chumba kimoja cha uani.

Nilikwenda Mang'ola kumtafuta, mara moja, siku moja. Nilisimama kwenye mashamba ya vitunguu nikiuliza Mama Shani. Mwanamke mmoja alicheka: “Mwanangu, Mama Shani hapa wako wanne. Wako jina lake nani?”

Sikuwa nalijua. Tuliishi naye uani karibu miaka miwili, alimwegemeza mama yangu kifuani, na jina lake mwenyewe hakuna aliyewahi kuuliza. Nilirudi Karatu na gari la jioni.

Chuoni, mhadhiri alipoandika ubaoni mstari wa shairi na kutuonyesha mizani, nane kwa nane, niliuhesabu ule mwingine kwa vidole chini ya meza. Moja kwangu, moja kwako: nane. Moja ya bwana shambani: nane. Ulikuwa umekamilika, hauna silabi iliyopungua. Yote ninayoyajua kuhusu mwendo wa shairi nilikuwa nimefundishwa kabla ya jogoo wa pili, na mwanamke aliyeinua mkono kwa ajili yangu.

Sasa ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari huko Sale, ambako mvua ikinyesha barabara hukatika na mji unakuwa habari ya redioni. Kiangazi kilichopita ilikuja nyota nyingine yenye mkia. Niliwaamsha wasichana wa bweni waliotaka, tukatoka uwanjani na baridi. Nilikuwa nimeshona mfuko wa turubai, nikaujaza maharage ya kijiji jirani cha Digodigo, nikailaza simu yangu juu yake. Hakukuwa na taa yoyote ya kukinga.

Msichana mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa ameficha mikono nyuma ya mgongo.

“Mwalimu, bibi alituambia tusiinyooshee kidole.”

“Basi usinyooshe,” nikamwambia. “Hesabu tu na sisi.”

Nikawafundisha mstari. Waliushika mara moja, kwa sababu ni mstari mzuri, na sauti zao ishirini zikaenda pamoja gizani, silabi moja moja, mpaka simu ikafumba jicho. Picha ilitoka safi. Walirukaruka, wakagombania kuitazama. Yule wa kidato cha kwanza peke yake alibaki amesimama, midomo yake bado ikiupima ule mstari.

“Mwalimu, huu nani aliutunga?”

Ningeweza kumweleza. Kulikuwa na muda. Jua lilikuwa halijatoka, na watoto walikuwa tayari kusikiliza chochote. Ningeweza kuanzia kwenye chumba cha uani.

“Mtunzi hajulikani,” nilimwambia.

Ilitoka laini, kabla sijaiita, kwa sauti ileile ya mtoto aliyekuwa amelala. Naye, akiwa mwanafunzi mzuri, akatoa daftari mfukoni na kuandika hivyo.